Somo: Jinsi ya kuchagua mtaa wa kupunga upepo jioni na kutazama watu

Wengi wanaouliza mtaa gani unafaa kwa matembezi ya jioni hutaka watajiwe jina. Sitataja, kwa sababu mtaa uliochangamka mwaka huu unaweza kupoa mwakani, na mtaa unaompendeza mwenzako unaweza kukuchosha wewe. Nitakuonyesha dalili za kuangalia. Iliyo kubwa kuliko zote naiweka hapa juu: tafuta mtaa ambao watu wake wangekuwepo hata kama wewe usingekwenda. Anayetoka kazini, anayefuata dawa, anayesubiri basi, aliyekuja kuchukua nguo kwa fundi. Hao ndio mchezo wenyewe. Mtaa uliojaa watazamaji watupu hauna cha kutazama.

Hatua ya 1: Amua unakwenda kutembea au kubarizi

Ni mambo mawili tofauti. Mwenye kutembea anataka urefu na kona za kukata. Mwenye kubarizi anataka kona moja nzuri na mahali pa kuegemea mgongo. Ukivitaka vyote viwili, tembea kwanza. Ukishakaa, kunyanyuka ni kazi.

Hatua ya 2: Pita kwenye ramani kabla ya kupita kwa miguu

Fungua ramani kwenye simu, weka picha ya satelaiti, kisha angalia umbali kutoka njia panda moja hadi nyingine. Umbali ukiwa mfupi, kona zinakuwa nyingi, na kwenye kona ndiko watu wanakokutana, wanakosita na wanakobadili mawazo. Eneo la Eixample mjini Barcelona, lililochorwa na Ildefons Cerdà katika karne ya 19, lina vipande vya majengo (yaani majengo yaliyozungukwa na barabara pande zote) vyenye upande wa mita 113 hivi. Manhattan, New York, ukitembea kutoka avenyu moja hadi nyingine, kipande kimoja kinaweza kukaribia mita 270. Tofauti hiyo miguu inaijua hata bila kuambiwa.

Jane Jacobs, Mmarekani aliyewapinga sana wapangaji miji wa zama zake, alilitetea jambo hili la vipande vifupi mwaka 1961. Akaongeza sharti jingine ambalo mimi naliona ndilo zito zaidi: mtaa uwe na shughuli za aina mbalimbali, ili watu watoke kwa saa tofauti na kwa sababu tofauti. Kwa hiyo kwenye ramani usitafute vivutio. Tafuta kituo cha basi, duka la dawa, kinyozi, nyumba ya ibada, shule, na juu ya yote, makazi. Mtaa wa ofisi tupu hufurika saa kumi na moja jioni, na saa moja usiku unabaki wewe na mlinzi.

Hatua ya 3: Nenda mchana uhesabu milango

Hapa ndipo wengi wanaporuka, nami nakuomba usiruke. Chukua kipande cha mita 100, hatua kama 130 za mtu mzima, uhesabu milango ya upande mmoja. Jan Gehl, msanifu majengo wa Denmark aliyeichunguza mitaa kwa miongo mingi, anasema mtaa unaovutia una milango 15 hadi 20 katika umbali huo. Hesabu yake ni nyepesi: mita 100 unazimaliza kwa sekunde 80 hivi, kwa hiyo kila baada ya sekunde nne au tano jicho linapata kitu kipya.

Jaribu mwenyewe. Fremu ya kwanza, fundi saa ameinamia meza, lenzi jichoni. Ya pili, cherehani inalia, na mguu wa fundi unakanyaga bila yeye kuacha kuongea na mteja. Ya tatu imefungwa. Ya nne, mtoto amelala juu ya marobota ya vitambaa. Hapo hata kuchoka hujakumbuka. Sasa vuka barabara upite kando ya jengo lenye vioo vyeusi mita 100 nzima na mlango mmoja tu, au kando ya ukuta wa maegesho ya magari. Utajikuta unaharakisha mwendo. Sheria yangu ni hii: chini ya milango minane kwa mita 100, futa mtaa huo kwenye orodha, hata uwe na miti mizuri kiasi gani.

Ukiwa hapo hapo, yasikilize magari. Donald Appleyard, mtafiti wa miji, aliichunguza mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana karibu kila kitu isipokuwa wingi wa magari. Kwenye mtaa uliopitiwa na magari 2,000 hivi kwa siku, wakazi walikuwa na marafiki wa mtaani karibu mara tatu ya wale wa mtaa wa magari 16,000. Kelele na moshi vinawarudisha watu ndani. Kipimo chepesi: simama na mwenzako ukingoni mwa barabara mzungumze kwa sauti ya kawaida. Mkilazimika kupaza sauti, watu wa pale nao wameshakata tamaa ya kusimama nje.

Hatua ya 4: Rudi giza likiingia

Mtaa wa mchana na wa usiku unaweza kuwa mitaa miwili yenye jina moja. Saa nzuri ya kuupima ni ya utusitusi, taa zinapoanza kuwaka. Ukiwa karibu na ikweta huna muda wa kuchezea, maana jua likishazama giza linaingia ndani ya nusu saa hivi. Copenhagen mwezi wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku na mwanga unabaki kwa muda mrefu baada ya hapo, hivyo huko “jioni” ni kitu kirefu sana. Panga kwa kufuata jua la mji wako, saa ya mkononi itakudanganya.

Usiangalie taa za barabarani peke yake. Nguzo ndefu inamulika lami, wakati mwanga wa dukani unatoka kwa ubavuni na kuangukia nyuso. Wewe umekuja kwa ajili ya nyuso. Zile taa za zamani za sodiamu, za rangi ya chungwa, hufanya kila nguo ionekane ya rangi moja, na nusu ya raha ya kutazama watu ni mavazi yao. Angalia pia fremu ngapi kati ya zile ulizozihesabu mchana bado ziko wazi. Zikiwa nusu, mtaa unapumua. Ikibaki moja au mbili, huo ni mtaa wa mchana, uurudie Jumamosi asubuhi.

Hatua ya 5: Soma watu, usisome wingi

Umati peke yake hausemi kitu. Foleni nayo ni umati. Tazama mchanganyiko: wazee wapo? Watoto wanacheza bila kuitwaitwa ndani? Kuna wanawake waliokaa peke yao bila haraka? William Whyte, aliyepiga filamu viwanja vya wazi vya New York miaka ya 1970, aliona kwamba viwanja vilivyotumika vizuri zaidi vilikuwa pia na sehemu kubwa zaidi ya wanawake. Kwa maneno mengine, anayechagua kwa makini ameshakufanyia kazi ya kuchagua. Ukiona vijana wa kiume watupu wameegemea kuta, si lazima pawe pabaya, ila ujue hapo hapajawa sebule ya kila mtu.

Angalia pia mwendo. Kwenye mtaa mzuri wa jioni, kasi zinapishana: mmoja anakimbilia basi, wawili wanajivuta, mmoja kasimama anatafuta ufunguo kwenye mkoba. Wote wakitembea kasi moja kuelekea upande mmoja, hiyo ni njia ya kwenda kwingine.

Hatua ya 6: Chagua kituo chako

Kaa pembeni, mgongo ukiwa na kitu nyuma yake, karibu na kona lakini si kwenye kona yenyewe. Katikati ya uwanja mtupu hakai mtu kwa raha, hata kama benchi ni la marumaru. Umbali nao una maana. Ndani ya mita 20 hadi 25 unaweza kuusoma uso na kuona mtu kachoka au kafurahi. Ukizidi mita 100 unaona vivuli vinavyotembea tu. Hivyo tafuta mahali ambapo wapita njia wanapita mita tano hadi kumi mbele yako.

Ukishakaa, tazama wanaokutana. Mtu angetegemea wajisogeze kando wazungumze. Filamu za Whyte zilionyesha kinyume chake: wengi walisimama palepale katikati ya mkondo, wapita njia wakawazunguka. Utaliona jambo hili jioni ya kwanza tu. Wanaagana, mmoja anarudi nyuma hatua moja, kisha anakumbuka neno, anasogea tena, wanaanza upya. Mahali penye viti vinavyohamishika, angalia kitu kingine alichokigundua huyo huyo: mtu anakivuta kiti kidogo kabla ya kukaa, hata pale ambapo kukivuta hakujambadilishia chochote, si kivuli wala jua.

Hatua ya 7: Jua utakavyorudi

Fahamu saa ya basi la mwisho na njia mbili za kutokea. Funga matembezi yako kwa mzunguko badala ya kurudi ulikopita. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Mtaa ninaokaa unakufa kabisa ikifika saa moja usiku. Nihame?

Usihame kwa ajili ya matembezi, ndugu yangu. Angalia kituo cha karibu ambako watu wanabadilisha mabasi au treni, halafu tembea barabara ya pili nyuma yake, si ile kubwa inayokitazama. Mara nyingi huko ndiko wanakopita wakazi wanaorudi nyumbani, na ndiko walikofungua fremu ndogo ndogo. Kama hakuna, chagua siku badala ya mtaa. Kuna mitaa inayolala wiki nzima na kuamka siku moja, ya gulio au ya ibada.

Swali: Mimi ni dada na natembea peke yangu. Mambo ya milango sawa, ila usalama wangu?

Dada, milango ndiyo usalama wenyewe kwa kiasi kikubwa. Jacobs alieleza kwamba mtaa unalindwa kwanza na macho ya watu wake: muuza duka, mama dirishani, mzee kibarazani. Kwa hiyo fuata upande wenye fremu zilizo wazi, na uwe na duka moja ambalo mwenyewe anakujua kwa sura. Jioni ya kwanza nenda na mwenzako. Mahali ambapo mwanga unakatika kwa mita 50 au zaidi, geuza, hata kama ramani inasema mbele kuna pazuri. Na moyo ukisita, usibishane nao ukiwa barabarani, utabishana nao ukiwa nyumbani.

Swali: Nikikaa nakodolea watu macho sitaonekana mmbea au mpelelezi?

Ukikodoa, ndiyo. Kutazama watu si kumtazama mtu mmoja. Acha jicho lipite, macho yakigongana salimia kwa kichwa, endelea. Kuwa na kitu mkononi, gazeti au kinywaji, kinakusaidia wewe zaidi ya wao. Usimpige picha mtu asiyejua, na watoto usiwapige kabisa. Mazungumzo ya meza ya jirani yakikufikia yenyewe, haya. Ukianza kuinamisha shingo ili usikie vizuri, hapo ndugu umeingia kwenye umbea.

Swali: Mbona ile mitaa maarufu duniani, iliyofungwa magari, yenyewe imejaa? Si bora niende kwenye barabara isiyo na gari kabisa?

Kufunga magari kunasaidia pale ambapo sababu za kuwepo tayari zipo. Strøget, barabara ya maduka ya Copenhagen, ilifungwa magari mwaka 1962, wenye maduka wakihofia wateja watapotea, lakini ilikuwa katikati ya mji wenye wakazi na maduka tangu zamani, na watu wakaongezeka. Chukua barabara isiyo na watu, ifunge magari, utapata barabara isiyo na watu wala magari. Kuhusu umaarufu, nina wasiwasi nao. La Rambla ya Barcelona ni maarufu kupita kiasi, ndefu kilomita moja na kitu, na wakazi wengi wa mji huo wanaikwepa. Ukienda huko, ipe dakika kumi, kisha kata kona mbili.

Swali: Namsukuma mama yangu kwenye kiti cha magurudumu. Nianzie hatua ipi?

Anzia ya tatu, lakini hesabu vizingiti badala ya milango. Njia ya waenda kwa miguu iwe na upana wa kutosha kiti na mtu kupishana, na kila kona iwe na mteremko wa kushukia. Pita peke yako mara moja ukiwa na mkokoteni mdogo au begi la magurudumu, kila linapokwama weka alama kwenye ramani. Halafu punguza urefu: mita 200 zilizo laini kwenda na kurudi zinamtosha mama kuliko kilomita ya mashimo. Na mkifika mahali pa kukaa, mgeuze atazame wanakotokea watu, si wanakokwenda, ili nyuso zimfikie yeye kwanza.