Namna ya kuanzisha kikundi cha lishe kijijini bila kumwacha mtu nyumbani

Mwongozo huu unamlenga afisa maendeleo ya jamii wa kata, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mwanakijiji yeyote aliyekubaliwa na wenzake kusimamia kikundi cha lishe. Mifano inahusu Kondoa, Chemba na maeneo mengine ya Dodoma yenye msimu mmoja wa mvua, ambako chakula cha mwaka mzima hutegemea mahindi, uwele na mtama wa mavuno hayo hayo. Ninavyoona, mtu mwenye ulemavu, bibi anayelea wajukuu peke yake na mama mwenye mtoto asiyetembea huwa wameshaachwa nje kabla mkutano wa kwanza haujafunguliwa, kutokana na namna orodha ilivyoandikwa na mahali palipochaguliwa. Hotuba nzuri ya ushirikishwaji inayotolewa baada ya hapo haiwarudishi.

Orodha iandikwe nyumba kwa nyumba

Anza kwa mtendaji wa kijiji, umweleze kusudi lako na uombe daftari la wakazi, kisha pita na wenyeviti wa vitongoji na mabalozi. Viongozi hao wanazijua nyumba zote, lakini mara nyingi hukutajia watu wanaowaona mikutanoni, kwa hiyo usikubali orodha iliyoandikwa ofisini hata kama ni safi na ina mhuri.

Ukifika kwenye nyumba, usiulize kama kuna mlemavu. Swali hilo huzaa jibu la hapana, ama kwa aibu, ama kwa hofu, ama kwa sababu mzee ambaye macho yake yamefifia hajioni kuwa na ulemavu wowote. Uliza kuhusu mambo sita ya kawaida: je, kuna mtu hapa anayepata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia jambo, kujihudumia kwa kuoga na kuvaa, au kuelewana na wengine kwa mazungumzo? Kila swali lina majibu manne, yaani hakuna shida, shida kiasi, shida kubwa, na hawezi kabisa. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu wenye ulemavu kuwa asilimia 11.2 ya wakazi wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Orodha ya kijiji cha kaya 300 yenye watu wanne tu wa aina hiyo inahitaji kurudiwa. Kwa mtoto mdogo, maswali sita hayo hayatoshi. Muulize mama kama mtoto anaketi, anasimama na anasema kama wenzake wa umri wake, halafu uombe umwone.

Katika ziara hiyo hiyo uliza pia nani anapika, nani ana kauli juu ya chakula kilichoko ghalani, na ni milo mingapi iliyopikwa jana. Kama ratiba inaruhusu, fanya kazi hii mwezi Januari au Februari, wakati akiba imepungua na mazao mapya bado yako shambani, kwa kuwa majibu ya mwezi Julai baada ya mavuno humfanya kila mtu aonekane ameshiba.

Mahali na saa

Pita mwenyewe njia ya kwenda mahali pa mkutano ukiwa pamoja na mtu anayetumia kiti mwendo au magongo, na mwache yeye aseme kama panafaa. Mkikutana shuleni, angalieni kizingiti cha mlango na choo. Njia ya mteremko inayofaa huwa na urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita moja ya kimo, ambapo kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa karibu mita mbili. Kikundi cha kijiji kikubwa kikutane kwa zamu katika vitongoji, na saa ipangwe na wanawake wanaochota maji. Mkalimani wa lugha ya alama hupatikana kwa nadra vijijini, hivyo mwulize kiziwi mwenyewe ni ndugu gani anaelewana naye vizuri, na mafunzo yafanyike kwa vitendo zaidi kuliko maelezo.

Kuhusu uongozi, sipendi nafasi ya "mjumbe wa walemavu" inayotengwa kwenye kamati kama kiti cha mgeni. Mwenye ulemavu achaguliwe mweka hazina au katibu kama uwezo anao, na mara nyingi anao.

Bustani ya gunia

Hii inafaa kwa nyumba isiyo na eneo, na kwa mtu asiyeweza kuinama. Chukua gunia tupu, udongo wa juu mafungu mawili, samadi iliyooza vizuri fungu moja, na mawe madogo ya kutosha ndoo mbili. Simamisha gunia mahali linapopata jua, weka katikati yake kopo kubwa lililokatwa kitako, jaza mawe ndani ya kopo na udongo pembeni hadi usawa wa mdomo wake, kisha vuta kopo juu ili mawe yabaki yamesimama kama nguzo, na urudie hatua hizo mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ndiyo inayoshusha maji hadi chini. Bila ya hiyo, mimea ya juu hulowa na ya chini hukauka. Mwagilia, acha siku mbili tatu udongo ushuke, halafu toboa matundu ubavuni, moja likiwa mbali na jingine kwa shubiri moja, na upandikize miche ya sukuma wiki au figiri. Juu sia mchicha. Kwa anayeketi kwenye kiti mwendo, gunia lijazwe kufikia kimo ambacho mkono wake unafika katikati ya sehemu ya juu bila kuinua bega, na matundu ya chini kabisa yasitobolewe. Maji yaliyooshea mboga na mchele husaidia kumwagilia wakati wa kiangazi.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vinavyoupa mwili vitamini A, hulimwa shambani kwenye matuta kwa vipande vya marando vya urefu wa sentimita 30 hivi. Ugumu wake katika eneo la mvua ya msimu mmoja ni mbegu, kwani marando hufa kiangazi na mwaka unaofuata kila mtu huanza kutafuta upya. Kikundi kiiteue kaya iliyo karibu na kisima itunze kitalu kidogo mwaka mzima, na kaya hiyo ilipwe kwa marando au kwa fedha.

Mtoto asiyeweza kuketi

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hukonda, na majirani husema ndivyo alivyo. Asikubaliwe kuwa hivyo bila kupimwa. Kuanzia miezi 6 hadi 59, pima mzunguko wa katikati ya sehemu ya juu ya mkono wa kushoto kwa utepe wenye rangi: chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo; kati ya 11.5 na chini ya 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu, na kama shimo linabaki kote kuwili, huo ni uvimbe wa utapiamlo, naye apelekwe bila kujali utepe unasema nini.

Wengi wa watoto hawa chakula wanacho, ila hulishwa wakiwa wamelala chali. Mama aonyeshwe kumkalisha mtoto wima mapajani au kwenye kiti chenye mito pembeni, kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo, kamwe kisipinduliwe nyuma, kwa kuwa kichwa kikiwa nyuma chakula huweza kuingia kwenye njia ya hewa. Uji uwe mzito wa kushikamana na kijiko, kijiko kiwe kidogo na kiletwe kutoka mbele usawa wa mdomo, na mlishaji asubiri ameze kabla ya kuongeza. Mlo mmoja unaweza kuchukua dakika 40, na hapo ndipo kikundi kinapotakiwa kusaidia: jirani mmoja amchotee mama maji.

Uji wenyewe uwe wa nafaka moja, na maziwa, yai au karanga safi zilizosagwa viongezwe jikoni. Unga uliochanganywa nafaka nane, soya na karanga nauona ni gharama bure, na karanga mbovu moja huuharibu wote.

Ghala

Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga, iliua watu 20 kati ya wagonjwa 68 waliorekodiwa katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani. Sumu hii haiondoki kwa kupika. Anikeni kwenye turubai, si chini, na mpime ukavu kwa chumvi: tia punje na chumvi iliyokaushwa kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa kwa dakika chache, acha itulie kwa robo saa, na chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa mahindi bado ni mabichi. Mifuko ya tabaka tatu huua wadudu kwa kuwanyima hewa bila dawa, lakini haikaushi kitu. Punje zenye ukungu zisipelekwe kwa kuku wala kwenye pombe.

Fedha na ufuatiliaji

Weka hisa ya kima ambacho mwanachama maskini kuliko wote anakimudu, kisha sajilini kikundi. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Masharti ya sasa yaulizwe kwa afisa maendeleo ya jamii kabla ya kuandika andiko.

Kila robo mwaka, katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, katibu alinganishe waliohudhuria na orodha ya kwanza. Aliyekosekana mara mbili mfululizo atembelewe na jirani yake, asipelekewe kiongozi, na sababu atakayoitoa iandikwe kwa maneno yake mwenyewe.