Jinsi ya kubishana siasa za tabianchi na mtu wa chama na bado mkatoka hapo na kitu

Ukitaka kujua kama mjadala wa tabianchi umeshakufa sikiliza sentensi ya pili tu. Wa kwanza anasema "rais wenu huko nje anaitwa bingwa wa mazingira na huku nyumbani anaruhusu misumeno iingie msituni", wa pili anajibu "na nyinyi wapinzani tangu lini mlipanda hata mche mmoja", basi hapo miti ishatoka kwenye mazungumzo, kilichobaki ni kura za 2022 zinahesabiwa upya. Nimekaa maskani za kutosha, na magrupu ya familia ndo usiseme, kwa hivyo haya ninayoandika ni yale ambayo nimeona yanafanya kazi, sio eti utashinda, watu wa chama hawashindwi bana wanachoka tu, lakini angalau mtajua mnabishania nini.

Kabla hujafungua mdomo, chukua ile hoja uliyo nayo, toa jina la mwanasiasa unayemchukia weka la yule unayempenda. Ukiona ghafla hoja inakua ngumu kuisema, jua ulikua unapigana na mtu sio sera. Na Kenya tuna mfano wa hili ambao hata ungetungwa usingetoka vizuri hivi, ni Mau.

Mau ndo msitu unaolisha mito kibao, Mto Mara unatoka huko hadi wale nyumbu wa Serengeti upande wa Tanzania wanakunywa maji yake. Sasa 2008 marehemu Raila Odinga akiwa waziri mkuu aliunda jopokazi la Mau, ripoti ikaja 2009, na mwisho wa mwaka huo watu wakaanza kutolewa msituni. William Ruto wakati huo ni waziri wa kilimo, wako chama kimoja cha ODM, akasimama upande wa wale walokua wanafurushwa, kwamba hawa ni wananchi, wana familia, walipwe kwanza. Wengi hadi leo husema hapo ndo urafiki wa wale wawili ulipoingia ufa. Sasa sikiliza mashabiki wa enzi hizo: huku wanasema msitu kwanza maana mvua ni ya wote, kule wanasema mazingira ni kisingizio cha kuwanyanyasa maskini. Ruka hadi Novemba 2023, Ruto ndo rais, miezi miwili tu baada ya ule mkutano mkubwa wa tabianchi wa Afrika pale Nairobi, nyumba za Waogiek, jamii ya asili ya msitu huohuo wa Mau, zinabomolewa Sasimwani kule Narok, na sasa wale wa "msitu kwanza" ndo wanaolia haki za binadamu na wale wa "maskini kwanza" ndo wanaosema sheria ifuatwe msitu uokolewe. Maneno ni yaleyale, wamebadilishana tu viti.

Ukiileta hii hadithi maskani iseme polepole na usiimalizie. Acha watu wenyewe waanze kukumbuka walisema nini 2009. Halafu ndo uulize swali ambalo halina chama, je Waogiek wenyewe wanasemaje? Manake hawa walienda mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, na Mei 2017 mahakama ikasema serikali ya Kenya imevunja haki zao, na kwamba kisingizio cha kuhifadhi msitu hakitoshi kuwatoa kwa ardhi ya mababu zao. Juni 2022 mahakama hiyohiyo ikaamuru fidia ya karibu shilingi milioni 158 na warudishiwe ardhi kwa hatimiliki ya jamii. Imepita serikali moja ikaja nyingine. Hapo mtu wa chama chochote anakosa pa kushika, na huo ukimya mdogo unaofuata ndo nafasi yako ya kuongea mambo ya maana.

Jambo lingine, jueni mnabishania nini hasa. Siku hizi kuna vijana wanaleta ugomvi wa Marekani mzimamzima, ati tabianchi ni uongo wa wazungu, wameokota kwenye video fulani. Huo ugomvi una kwao. Kule chama ndo kinaamua kama joto lipo au halipo, Obama anaingia mkataba wa Paris, ule wa dunia wa kupunguza joto, Trump anatoka, Biden anarudi 2021, Trump anatoka tena Januari 2025, na ukiwa na shangazi yako Texas utamuelewa akilalamika. Lakini hapa kwetu mfugaji wa Marsabit aliyepoteza ng'ombe kwenye ule ukame wa misimu mitano ya mvua kukosekana, halafu mwaka uliofuata akaona mafuriko, huyo huna haja ya kumshawishi kwamba hali ya hewa imeharibika. Ugomvi wetu sisi ni wa ardhi na pesa. Kwa hivyo mtu akianza na mambo ya uongo wa wazungu mwambie tu poa, tuseme ni uongo, sasa ule msitu wa kwenu nani anaukata na nani anakula hiyo hela? Utashangaa anavyojibu vizuri.

Halafu omba tarehe. Hii ni silaha ndogo lakini inaumiza pande zote mbili. Chukua marufuku ya kukata miti. Wapinzani wanapenda kusema Ruto aliiondoa, na ni kweli, Julai 2 2023, akiwa Molo, alitangaza imeisha. Lakini nani aliitangaza mwanzo? Ni Ruto huyohuyo akiwa naibu wa rais, Februari 2018, ilikua iwe ya siku 90 ikawa inaongezwa na kuongezwa. Sasa shabiki wake atafurahi kusikia hiyo, mwache afurahi kidogo, halafu muulize, kama 2018 ilikua sawa kufunga na 2023 ni sawa kufungua, nini kilibadilika msituni? Kuna jibu, na ukiwa muungwana umpe wewe kama halijui, kwamba kilichofunguliwa kwa maneno ya serikali ni yale mashamba ya miti ya kupandwa, saipresi na paini zilizokomaa, sio msitu wa asili, na kwamba mbao zilikua zinatoka nje ya nchi wakati zetu zinaoza zikiwa zimesimama. Hoja hiyo ina uzito bana, watu wa Molo na Elburgon wanaishi kwa viwanda vya mbao. Na anayepinga naye asiishie kwa "wanakata miti!", aseme miti gani, msitu upi, na shaka yake iko wapi, manake shaka ya kweli ipo: lori likitoka usiku na magogo nani anahakikisha ni paini na sio mti wa asili wa miaka mia? Chama cha Mawakili kiliipeleka serikali mahakamani kwa hilo suala, haikua makelele ya mitandao tu. Mkifika hapo, mko kwenye lori na kibali chake, mjue mjadala umepona.

Hesabu pia. Usiogope hesabu, toa simu. Serikali ilisema miti bilioni 15 ifikapo 2032. Shabiki anasema ni maono, mpinzani anasema ni ndoto, na wote hawajagawanya. Wakenya tuko kama milioni 50, gawa, ni miti 300 kila mtu pamoja na mtoto wa jana, yaani 30 kwa mwaka kwa miaka kumi. Wewe mwaka huu umepanda mingapi? Novemba 13 2023 tulipewa hadi siku ya mapumziko ya kupanda miti, wengi tulilala. Lakini enyewe namba sio tatizo langu, tatizo langu ni kwamba tunahesabu miche iliyopandwa badala ya ile iliyoshika. Nenda mahali popote penye hizo hafla za viongozi wiki tatu baada ya kamera kuondoka, inama uangalie shina. Utakuta mche umefukiwa na ile karatasi nyeusi ya kitaluni bado imeuvaa, mizizi imejikunja humo ndani haina pa kwenda, na wa pembeni yake mbuzi ashapita nao. Hiyo picha ikipigwa ikaletwa kwenye mjadala ina nguvu kuliko hotuba kumi, na haina rangi ya chama, manake mbunge wa upinzani naye anapanda vilevile.

Sasa tuje kwa unafiki, manake huwezi kuukwepa, ndo kiungo chenyewe. Septemba 2023 rais alifika KICC, ule ukumbi wa mikutano wa Nairobi, kwenye mkutano wa tabianchi akiendesha mwenyewe kigari kidogo cha umeme cha rangi ya njano, picha zikazunguka dunia nzima, na hapa nyumbani watu wakauliza na ule msafara mwingine wote wa magari makubwa nao unatumia nini. Kichekesho kizuri, mimi pia nilicheka. Lakini unafiki wa mtu hauambii chochote kama sera yenyewe ni nzuri au mbaya. Sisi watu wa Pwani tulilijua hili mapema, serikali ya Uhuru Kenyatta ndo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, bahari yetu ikapumua, na serikali hiyohiyo ndo ilikua inasukuma kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Lamu, megawati 1,050, mpaka watu wa Lamu wakaenda kwenye mahakama ya mazingira na leseni ikafutwa Juni 2019. Ungefanya nini hapo, ukatae marufuku ya mifuko kwa sababu ya Lamu? Au ukubali makaa kwa sababu ya mifuko? Walochukua moja na kukataa lingine ndo walokua na akili, na wengi wao walimpigia kura Uhuru ama Raila, hakuna aliyewauliza.

Kwa hivyo mtu akikurushia unafiki, kubali haraka. "Sawa, ni mnafiki. Sasa sera?" Ukianza kumtetea mtu wako umeisha, mtalala hapo.

Swali ambalo mimi hulitunza mwisho, na ndo kubwa kuliko yote, ni nani analipa na nani analipwa. Pale KICC zilitajwa ahadi za dola bilioni 23, na azimio likadai ushuru wa kaboni wa dunia nzima, ili matajiri walochafua walipe. Vizuri sana, nani atakataa. Lakini mwaka uliofuata mswada wa fedha wa 2024 ukaja na eko levi, yaani ushuru wa mazingira kwa bidhaa, na hapo wa kulipa hakua tajiri wa Ulaya, alikua ni mama anayenunua pampers na msichana anayenunua pedi na kijana wa boda anayebadilisha tairi. Jina ni la mazingira, mfuko ni wa mwananchi. Watu waliingia barabarani, mswada ukarudishwa, na katika hayo yote wachache sana walikaa kuuliza kama ushuru wa takataka za plastiki ungeweza kutengenezwa vizuri ukamkamata mwenye kiwanda. Hilo lingekua bishano zuri, tulilikosa.

Upande wa kulipwa ni krediti za kaboni, yaani mnatunza miti inayonyonya hewa chafu na wachafuzi wanawalipa kwa hilo. Hapa usikubali mtu akuambie ni wizi wote, wala ni baraka zote. Uliza mkataba. Sheria ya tabianchi ilirekebishwa Septemba 2023 na inasema mradi wa ardhi lazma jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka. Kwa hivyo mwanasiasa akija na mwekezaji wa kaboni, wa chama chako au cha jirani, swali ni moja, asilimia 40 yetu inaingia akaunti gani na nani anasaini. Ukitaka kuona inavyoonekana ikifanya kazi shuka Kwale hadi Gazi, kuna mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117 tu za mikoko, wanauza kaboni tangu 2013 na pesa zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Sio mamilioni ya dola, ni hela ya kawaida, lakini wanakijiji wenyewe wanakaa kuamua matumizi.

Ah na kuhusu wazee. Kama unayebishana naye ni mzee wako, baba mdogo, mjomba, usimrushie tarehe na namba mbele za watu, utaonekana huna adabu na hoja yako itakufa hata kama ni ya kweli. Muulize yeye. "Mzee, ule mto hapa zamani ulikua unakauka mwezi gani?" Atakuambia, na atakuambia na nani alikata miti ya juu, na hapo hapo bila wewe kusema atamtaja diwani wa chama chake mwenyewe. Nimeona ikitokea.

Na kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu, acha rais, shuka kwenye wadi. Kuna mpango unaitwa FLLoCA, wa kufadhili kazi za tabianchi mashinani, pesa nyingi za Benki ya Dunia, zinapita kaunti hadi wadi, na kila wadi inatakiwa kuwa na kamati ya kupanga mambo ya tabianchi yenye wananchi wa kawaida ndani. Nenda kwa ofisi ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi, beba kitambulisho na kalamu, uliza kamati yetu ni kina nani, walikaa lini mara ya mwisho, na mradi gani ulipitishwa, bwawa, kisima, miche, chochote. Uombe kuona kumbukumbu za kikao. Watakuambia "njoo kesho", we njoo kesho, na uje na yule jamaa wa chama kingine mlokua mnabishana naye, mkiwa wawili wa rangi tofauti inakua vigumu kuwafukuza.