Bastola za jeshi la Ujerumani na ala zake za ngozi: soma kwanza, futa baadaye

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea P08, ile ambayo wengi huiita Luger. Babu yake alirudi nayo Marekani kutoka vitani Ulaya mwaka 1945. Ilikuwa inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Wikendi nzima alikuwa ameisugua kwa stilwaya ili anipunguzie kazi. Kumbe alichokiondoa hakikuwa uchafu, ilikuwa rangi ya kiwandani, na alama zilizogongwa zimebaki vivuli. Hapo fundi hana la kufanya.

Ndiyo maana katika karakana yangu kitambaa ndicho kinachokuja mwisho.

Hatua ya 1: Hakikisha haina risasi

Toa magazini. Kwenye P08, shika vile vifundo viwili vya duara juu ya bastola, vuta juu na nyuma mpaka goti, yaani kiungo cha juu kinachokunjika kama goti la mtu, likunjike, kisha tazama ndani ya chemba na uingize kidole kidogo. Usitosheke na macho. Kipande cha juu kinachovuta maganda kimeandikwa GELADEN, yaani "imepakiwa", na huinuka kidogo risasi ikiwemo. Lakini mafuta yaliyoganda miaka themanini huweza kukikwamisha. Ukiona neno GESICHERT kwenye loki ya usalama, maana yake loki imefungwa tu. Halikuambii lolote kuhusu chemba.

P08 ina tabia moja mbaya. Ubavuni kushoto kuna kipande kirefu chembamba cha chuma kinachoshika pini ya kufyatulia. Hata ukishaitoa sehemu ya juu kwenye fremu, ukikibonyeza pini inaruka. Kama kuna risasi chembani, inalipuka mkononi mwako. Kwenye P38, bastola iliyoifuata P08 jeshini, ukiishusha loki nyundo huanguka yenyewe, na bastola iliyochakaa haifai kuaminiwa kwa hilo. Chemba kwanza, loki baadaye.

Neno la haraka kuhusu sheria: bastola nzima ni silaha hata ikiwa kongwe. Sheria ya shirikisho ya Marekani huihesabu silaha kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla, kwa hiyo P08 na P38 hazimo. Ukiwa Afrika Mashariki, malizana na mambo ya leseni kabla hujafikiria mafuta.

Hatua ya 2: Soma alama

Zima taa ya dari, washa tochi na uilaze ubavuni mwa chuma. Alama ambayo hukuiona mchana itasimama yenyewe. Piga picha kila upande kabla hujagusa kitu.

Jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliipokea P08 mwaka 1908. Wanamaji walikuwa na toleo lao tangu 1904. Tazama juu ya goti. Herufi DWM zilizosukwa pamoja ni kiwanda cha Berlin. Taji lenye neno ERFURT ni kiwanda cha serikali. Juu ya chemba mara nyingi kuna mwaka. Ukikuta miaka miwili, mfano 1920 na 1918, usidhani ni ya kughushi: ule wa 1920 uligongwa baada ya Vita vya Kwanza.

Miaka ya thelathini Wajerumani walianza kuficha majina ya viwanda. Mauser iligonga S/42, baadaye 42, kisha byf. Mwaka nao ukafichwa: K ni 1934, G ni 1935. P38, iliyopokelewa mwaka 1938, ni rahisi zaidi: ac ni Walther, byf ni Mauser, cyq ni Spreewerk. Chini ya ac na byf utaona tarakimu mbili za mwaka. Cyq haina mwaka kabisa.

Sasa namba. Kwenye P08 namba kamili iko mbele ya fremu, na herufi yake chini. Tarakimu mbili za mwisho zimerudiwa kwenye vipande vidogo, kimoja kimoja. Ziandike zote kwenye karatasi. Ikiwa fremu inaishia 47 na kipande kingine ni 12, kilitoka kwenye bastola nyingine, na mnunuzi mjuzi atakiona kabla hujamaliza kumwamkia.

Hatua ya 3: Chuma

Kitambaa cha pamba, mswaki laini, mafuta mepesi ya bunduki. Basi. Msasa na kemikali za kuondoa kutu ziache dukani. Kutu nyekundu iloweshe mafuta usiku kucha, kisha ikwangue taratibu kwa kijiti cha mianzi. Ikigoma, rudia kesho.

Kwenye P08 za kabla ya 1937 hivi, triga na baadhi ya vipande vidogo vina rangi ya majani makavu. Ni rangi ya moto wa kiwandani, nyembamba mno. Hapo futa tu, usisugue.

Kuwa makini na kibao cha mpini cha kushoto. Nyuma ya loki ya usalama mbao ni nyembamba kama ukucha, nayo huvunjika ukikivuta kibao kwa pupa. Fungua skrubu, shusha loki, halafu kinyanyue kibao kuanzia chini. Bisibisi ijae mfereji wa skrubu sawasawa. Ikicheza, tafuta nyingine.

Hatua ya 4: Ala

Hapa ndipo nilipojifunza kwa hasara. Miaka ya mwanzo niliipaka ala ya mwaka 1916 mafuta ya kwato za ng'ombe, kama nilivyoona watu wakipaka matandiko ya farasi. Kesho yake ngozi ya kahawia ilikuwa imekaribia weusi, na muhuri wa mtengenezaji ndani ya kifuniko umezama. Haukurudi.

Kwa hiyo: brashi kavu ya manyoya laini, bila maji wala sabuni. Kutu ya kijani kwenye misumari ya shaba itoe kwa kijiti cha meno. Ngozi ikiwa ngumu, usilazimishe kufungua kifuniko; mshono uliooza hukatika kwa sauti ndogo tu. Malizia kwa nta nyembamba sana ya kuhifadhia vitu vya kale, ukiijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Alama za ala ziko ndani ya kifuniko au mgongoni: jina la mtengenezaji, mji, mwaka, au msimbo wa herufi tatu kwa za katikati ya Vita vya Pili. Nyingi zina P.08 au P.38 mgongoni. Ukikuta jina la askari kwa wino, liache. Ukikuta alama ya SS, kikosi cha Wanazi, yenye kingo kali kuliko alama zote zinazoizunguka, funga pochi yako: huenda iligongwa juzi.

Hatua ya 5: Kuhifadhi

Usiirudishe bastola ndani ya ala. Ngozi hunyonya unyevu, na asidi ya ngozi hula chuma polepole. Ala ijaze karatasi isiyo na asidi ili isibonyee, bastola iwe kwenye kasha lake. Baada ya mwezi fungua kasha uangalie pale ulipogusa kwa vidole vitupu. Ukiona alama ya kidole imeanza kuwa nyekundu, hapo ndipo pa kuanzia na mafuta.