Somo: Mjusi ndevu akiwa mgeni nyumbani, namna ya kumtuliza mpaka ale vizuri (kwa sisi wa Tanga)

Habari za jioni wadau. Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili, "mjusi wangu mpya hali, nimpe nini?" na mimi jibu langu huwa ni lile lile, kabla hujauliza ale nini uliza kwanza anapata joto kiasi gani, maana huyu mnyama hana joto lake mwenyewe, akila wakati mwili umepoa chakula kinabaki tumboni kinaoza, na yeye analijua hilo ndo maana anakataa kula. Kwa hiyo somo zima la leo linaanzia kwenye joto, chakula kitafuata.

Kwa wasiomfahamu, mjusi ndevu ni mjusi wa kufugwa, asili yake ni maeneo makavu ya ndani huko Australia. Anafika sm 40 mpaka 60 ukihesabu na mkia, akitunzwa vizuri anaishi miaka 8 mpaka 12 na wengine zaidi. Sio kenge na sio mjusi kafiri, ni mpole sana, akiogopa anavimbisha ngozi ya kidevuni inakuwa nyeusi tii hapo ndo unaona hizo ndevu. Na kabla ya yote, kama unamchukua kwa mtu anayehama nchi au popote pale, dai karatasi zake. Mnyama wa kigeni anaingia nchini kwa vibali, kaulize watu wa wanyamapori na wa mifugo kabla hujatoa hela yako, sio baada.

HATUA YA 1: nyumba iwe tayari kabla hajafika

Usimlete kwenye boksi halafu ndo uanze kutafuta fundi. Mjusi mkubwa anataka nyumba ya urefu wa sm 120, upana 60, kimo 60. Seremala yeyote wa Ngamiani anakutengenezea kwa mbao na plaiwudi, ila mwambie juu yote na ubavu mmoja aweke wavu wa chuma wa matundu madogo. Vitabu vya Ulaya vitakwambia tanki la kioo, lkn wao wanapambana na baridi, sisi hapa tunapambana na unyevu. Huyu kiumbe amezoea hewa kavu, unyevu wa asilimia 30 mpaka 40 hivi, na Tanga kipindi cha masika hata nguo hazikauki, kwa hiyo hewa lazima ipite muda wote la sivyo kifua kitamsumbua. Maji weka kwenye kisahani kidogo upande wa baridi.

Chini tandika magazeti au vigae. Mchanga wa baharini usiweke, najua unapendeza, lkn mdogo anaumeza pamoja na chakula unamziba utumbo. Muwekee gogo au jiwe pana chini ya taa la kulalia, na upande wa pili pa kujificha, hata nusu chungu kilichovunjika kinatosha.

HATUA YA 2: joto, hapa ndo pa kuwa makini

Wengi wanasema Tanga joto lote hili taa ya nini. Sikiliza, mwezi wa pili kaskazi ikivuma hewa inafika nyuzi 32 au 33, wewe unatoka jasho, lakini mjusi ndevu anahitaji jiwe la kuotea lenye nyuzi 38 mpaka 42, ndo tumbo lake linasaga chakula. Na wakati huo huo upande wa pili wa nyumba uwe 25 mpaka 29 ili akizidiwa asogee. Yaani anajipimia mwenyewe, wewe kazi yako ni kumpa pande mbili achague. Kwa hiyo nyumba yake isiwe chini ya bati lisilo na dari, mchana upande wa baridi unakuwa haupo tena.

Taa ni ile globu ya zamani ya waya ndani, ya watt 60 au 100, LED haitoi joto la maana. Ining'inize nje ya wavu asije akaigusa akaungua. Kisha pima, usikadirie kwa mkono. Kile kipimajoto cha bunduki walichokuwa wanatupima nacho kwenye paji la uso wakati wa Korona, aina nyingi zinaishia nyuzi 42 au 43, tafuta cha fundi au cha jikoni kinachoenda juu zaidi, elekeza kwenye jiwe sio kwenye hewa. Ikizidi pandisha taa, ikipungua ishushe. Usiku zima kila kitu, joto la huku mjini usiku linamtosha kabisa na anahitaji giza ili alale.

HATUA YA 3: jua

Mwanga wa UVB (ule mwali wa jua usioonekana kwa macho) ndo unaomtengenezea vitamini D3, bila hiyo kalsiamu haiingii kwenye mifupa hata umpe ndoo nzima, na matokeo yake ni taya laini, miguu kupinda na kutetemeka vidole. Ukiweza kupata taa ya UVB ile ndefu ya watambaazi iwashe kwa muda wa masaa 10 mpaka 12 kwa siku na ubadilishe kila baada ya miezi 6 mpaka 12 kufuatana na maelezo yake, maana inaendelea kuwaka lkn UVB imeshaisha. Ila Mungu ametupa jua, litumie. Saa mbili mpaka saa nne asubuhi mtoe nje kwenye tenga la wavu, nusu lipate jua nusu kivuli, nusu saa inatosha kwa kuanzia. Dirishani nyuma ya kioo haisaidii, kioo kinazuia UVB. Na kamwe usiweke tanki la kioo juani, atapikwa humo ndani dakika chache tu. Kaa naye hapo hapo, kunguru wetu mnawajua, na paka pia.

HATUA YA 4: mwache apumue

Wiki ya kwanza usimshike shike. Usiite majirani waje kupiga picha. Funika pande mbili za nyumba kwa khanga ili asione watu wanapita kila saa. Kazi yako ni kubadili maji, kuweka chakula, kutoa uchafu na kuondoka, ukimtoa juani mwache aingie mwenyewe kwenye tenga. Ukimwona ana michirizi myeusi tumboni, ndevu nyeusi, au anakwangua ukuta juu chini, hiyo ni stresi, punguza pilikapilika.

Kitu kimoja wengi hawakijui, juu ya kichwa chake katikati kuna kidoa kidogo cha kijivu, kile ni kama jicho la tatu, halioni picha lkn linaona mwanga na kivuli. Mkono ukishuka kutoka juu kwake ni mwewe. Kwa hiyo ingiza mkono kwa ubavuni, chini, taratibu, akuone.

HATUA YA 5: chakula

Mdogo (chini ya mwaka) chakula chake kikubwa ni wadudu, mara mbili au tatu kwa siku, anakula kwa dakika 10 mpaka 15 halafu wanaobaki watoe, nyenje wakiachwa usiku wanamng'ata. Mkubwa ni kinyume, majani kila siku na wadudu mara mbili tatu kwa wiki. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyopo kati ya macho yake mawili, hii sheria usiivunje.

Wadudu: nyenje, panzi, na wale funza wa BSF (nzi mweusi, black soldier fly) wanaofugwa kwa ajili ya kuku, hao ni wazuri mno wana kalsiamu nyingi. Panzi wa kuokota shambani mimi siwaamini kabisa, hujui jana walipulizia nini kwenye mboga. Mende wa jikoni vivyo hivyo, nyumba ngapi hazijaweka dawa ya mende? Fuga nyenje wako kwenye ndoo, walishe majani na karoti siku moja kabla, wanachokula wao ndo anachokula mjusi. Na vimulimuli HAPANA. Kimulimuli mmoja tu anaweza kumuua, wana sumu mbaya kwake, kwa hiyo jioni zile za mvua hakikisha hawaingii ndani kufuata taa.

Majani: chainizi na sukuma wiki kila siku ukizungusha, boga mbichi lililokwaruzwa, ua la hibiskasi lile jekundu la uani, mlonge kidogo. Papai au embe kipande mara moja moja. Mchicha sio wa kila siku, una oksaleti inayokamata kalsiamu isimfikie. Kisamvu kibichi usimpe, sisi wenyewe tunakitwanga na kukichemsha mpaka basi kwa sababu ya ile sumu yake. Parachichi ni sumu pia, marufuku.

Kalsiamu: wadudu wapake unga wa kalsiamu kabla ya kuwapa, mdogo karibu kila siku, mkubwa mara mbili tatu kwa wiki. DCP ya ng'ombe (ule unga wa madini wa kulishia mifugo) isitumike, ina fosforasi nyingi. Ukikosa ya dukani, sisi watu wa pwani tuna mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaotupwa na maji pale Raskazone. Loweka maji baridi siku kadhaa ukibadilisha, chumvi itoke, anika ukauke kabisa, kisha kwangua kwa kisu upate unga laini.

Sasa namna ya kumpa. Washa taa asubuhi, subiri kama saa moja na nusu aote vizuri, ndo uweke chakula. Majani kata vipande vidogo sana, weka funza wawili watatu juu yake wacheze cheze, macho yake yanavutwa na kitu kinachotembea. Utamwona anainamisha kichwa upande mmoja, anatulia, ncha ya ulimi inachungulia nje kidogo, halafu anaruka mara moja na unasikia taya likifunga kap. Akila funza anazoa na jani humo humo, na ndivyo anavyojifunza kula mboga. La mwisho jioni ale angalau saa mbili kabla hujazima taa.

HATUA YA 6: andika

Daftari moja. Mpime kila wiki kwenye mizani ya jikoni, andika. Choo chake kizuri ni kahawia chenye sehemu nyeupe laini, ile nyeupe ikiwa ya njano na ngumu anakosa maji, muogeshe maji ya uvuguvugu yafike mabegani tu dakika 10. Choo kikiwa majimaji kinanuka vibaya siku kadhaa, peleka sampuli ipimwe minyoo na koksidia (vijidudu vya utumboni), TVLA (maabara ya mifugo ya serikali) wana kituo hapa Tanga, kaulize.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Makorora: Mwalimu, wangu akiwa chini ya taa anapanua mdomo anabaki hivyo hivyo, anaumwa?
Jibu: Hapana kaka, anapunguza joto, ni kawaida kabisa akiwa pale kwenye jiwe. Ila akipanua akiwa upande wa baridi, au kuna ute mdomoni, au unasikia mluzi akipumua, hicho ni kifua, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Dada wa Pongwe: Asalaam alaykum. Wangu hajala siku ya tano leo, jirani kaniambia nimlazimishe uji kwa bomba la sindano. Nifanyeje?
Jibu: Waalaykum salaam dada yangu. Usimlazimishe, uji unaweza kuingia kwenye mapafu na utamtia hofu mpaka asikuamini tena. Kama ni mkubwa na mkia umenona bado hajawa kwenye hatari, mgeni anaweza kukaa wiki hata mbili anakula kidogo au asile kabisa. Pima jiwe kwanza.
Dada wa Pongwe: Nimepima kwa kile cha jikoni, 33.
Jibu: Basi ndo hapo dada. Shusha taa mpaka ifike 40, mpe siku mbili tatu halafu turudishie majibu. Na kwa wengine wanaosoma, mtoto wa miezi miwili mitatu akipitisha siku tatu bila kula usisubiri ushauri wa huku, mpeleke kwa daktari.

Mama wa Chumbageni: Nina mtoto wa miaka mitatu, kuna ubaya akimshika?
Jibu: Shikamoo mama. Watambaazi wengi wana vijidudu vya salmonela na wenyewe hawaumwi. Mtoto wa chini ya miaka mitano amwangalie tu asimshike, wakubwa wanawe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Mdau wa Lushoto: Sisi huku baridi, mwezi wa saba usiku ni shida. Halafu mwanangu anasema kwa nini tusishike tu kinyonga wa hapa msituni tumfuge.
Jibu: Kwa Lushoto weka kipimajoto usiku, ikishuka chini ya 18 tafuta hita ya kauri isiyotoa mwanga. Kuhusu kinyonga, hapana ndugu. Vinyonga wa Usambara wengine hawapo kwingine duniani, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata bila kibali. Mpeleke mtoto akawaangalie usiku na tochi, wanalala matawini wamepauka rangi unawaona kirahisi sana.

Mdau wa Kange: Umeme ukikatika mchana na yeye ameshakula?
Jibu: Kama kuna jua mtoe kwenye tenga aote. Kama ni mvua, usimpe wadudu tena siku hiyo, majani machache tu ukitaka, kesho umeme ukirudi endelea kawaida. Mkubwa mwenye afya kulala siku moja bila wadudu hakumdhuru.