Somo: Kupanga usafiri wa mtaa bila kumwacha mtu kituoni

Wakuu, salaam. Hili ni la wenyeviti wa mitaa, wajumbe na yeyote anayeitwa "kutoa maoni" mradi wa barabara ukiingia. Mifano ni ya Dar, ndiko niliko.

Hatua ya 1: Acheni ramani kwanza, tembeeni. Chukueni asiyeona, mwenye kiti mwendo, mama aliyebeba mtoto, mwanafunzi na mzee, muende nao kutoka nyumbani hadi kituoni. Nilifanya hivyo na mzee mmoja wa kiti mwendo. Mwendo wangu wa dakika tano ulituchukua nusu saa. Mfuniko mmoja wa mtaro ulikuwa umevunjika, ikabidi ashukie barabarani, katikati ya bajaji. Kwenye mchoro wa mradi pale palikuwa na mstari umenyooka vizuri kabisa.

Hatua ya 2: Andikeni safari nzima. Anayefuata samaki Feri, soko la samaki la Dar, anatoka saa kumi alfajiri na ndoo tupu, anarudi na mzigo, pengine kwa magari mawili. Mpango unaohesabu wa maofisini tu haumwoni. Andikeni saa, magari, nauli, na pale anapoogopa kupita gizani.

Hatua ya 3: Kikao kiwafuate watu. Mkiita saa nne asubuhi, watakuja wastaafu na sisi wa posho. Mama lishe mfuateni baada ya chakula cha mchana.

Hatua ya 4: Barua. Barabara za mtaani ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Nauli na njia za daladala ni LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Mtaro ukiupeleka LATRA umepoteza mwezi. Tajeni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na ombeni kitu chenye mahali: "mfuniko mbele ya zahanati", si "miundombinu rafiki".

MASWALI

Swali: Mwendokasi, yale mabasi ya njia maalumu, si tayari umezingatia walemavu?
Jibu: Kituoni, sakafu ya basi na jukwaa vimepangwa viwe usawa mmoja tangu huduma ianze 2016. Kufika hapo kituoni ndiyo kazi. Rudi hatua ya 1.

Swali: Makonda wanaacha wanafunzi. Nalo ni la mpango?
Jibu: Ndiyo. Konda anadaiwa hesabu jioni, yaani kiasi cha kila siku cha tajiri mwenye gari, na nauli ya mwanafunzi haifiki nusu ya mtu mzima. Mkimkemea bila kugusa hesabu, kesho anawaacha tena.

Swali: Bodaboda tuwaite?
Jibu: Waiteni, ila msiwaweke kikao kimoja na waliogongwa. Tulijaribu. Chai haikufika mezani.