Somo: Siku moja kwenye Ziwa Magharibi, Hangzhou, kwa wanaofuata mzigo Yiwu

Ndugu zangu, wengi wetu tunakwenda Yiwu, ule mji wa soko la jumla, tunashinda sokoni, kisha tunarudi Dar au Nairobi tukisema tumeiona China. Kumbe Hangzhou, makao makuu ya jimbo hilohilo la Zhejiang, haifiki saa moja kwa treni ya mwendokasi. Mimi niliifika safari ya nne, na zile tatu za kwanza bado zinaniuma.

Hatua ya 1. Ukiwa bado nyumbani, pakua Alipay, programu ya kulipia kwa simu, na uiunganishe na kadi yako ya benki. Ujumbe wa uthibitisho huja kwenye laini yako ya nyumbani, kwa hiyo usingoje mpaka ufike.

Hatua ya 2. Tiketi ya treni hukatwa kwa pasipoti, na pasipoti hiyohiyo ndiyo utakayopitia getini. Shuka stesheni ya Hangzhoudong, panda metro namba 1 hadi Longxiangqiao, halafu tembea kidogo kuelekea magharibi. Ziwa hilo hapo.

Hatua ya 3. Fika alfajiri, na utembee kwa miguu. Hapa naomba mnisikilize. Anzia Daraja Lililokatika (ni zima kabisa, jina tu), fuata tuta la Bai (njia inayokatiza majini), kisha ushike tuta la Su kutoka kaskazini kwenda kusini: kilomita 2.8, madaraja sita ya mawe, mierebi pande zote mbili. Tuta hili lilijengwa kwa tope la ziwa lenyewe. Mshairi Su Dongpo alipokuja kuutawala mji huu mwaka 1089, alikuta magugu yamelimeza ziwa, na wakulima na wakazi walilitegemea kwa maji. Akaamuru lichimbwe, na tope lililotoka likawa njia ya kuvukia. Zaidi ya miaka 900 baadaye, wewe unaikanyaga.

Panda boti hadi kisiwa chenye minara mitatu midogo ya mawe majini. Toa noti ya yuan 1, geuza nyuma: ndiyo hiyo.

Hatua ya 4. Jua likikaribia kuzama uwe kusini mwa ziwa, kwenye pagoda ya Leifeng. Ya kale ilianguka mwaka 1924, baada ya watu kuchomoa matofali yake miaka mingi wakiamini yana baraka. Ya sasa ilifunguliwa 2002, na ndani yake utaona mabaki ya ile ya zamani. Ukiwa na siku ya pili, nenda hekalu la Lingyin.

MASWALI YA WANACHAMA

Kiingilio ni bei gani, dada?
Kuzunguka ziwa ni bure tangu 2002. Utalipia boti na pagoda.

Sisi Waislamu tutakula wapi?
Tafuta mgahawa wenye maandishi ya "qingzhen", yaani halali. Jihadhari na dongporou, chakula maarufu cha mji, ni nguruwe. Na usiondoke bila kuuona Msikiti wa Feniksi, barabara ya Zhongshan. Uislamu una mizizi ya kale hapa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliuandika mji huu kwa jina la Khansa, akasema ni mkubwa kuliko yote aliyoiona duniani.

Nasafiri na mama, magoti yanamsumbua. Ataweza?
Ataweza sana. Vipo vigari vya umeme vinavyozunguka ziwa, na Leifeng ina ngazi za umeme na lifti. Mpe shikamoo yangu.

Mwezi gani ni mzuri?
Aprili, au mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 1 hadi 7 Oktoba usithubutu: ni sikukuu ya taifa, utaona migongo ya watu tu.

Chai ya Longjing, ile ya kijani ya Hangzhou, nitaijuaje?
Majani yake ni bapa, hukaangwa kwenye sufuria kwa mkono au kwa mashine. Yaliyochumwa kabla ya sikukuu ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili, ndiyo ghali zaidi. Onja kwanza ndipo ununue. Maji yawe ya moto yasiyotokota, kwenye glasi, bila maziwa wala tangawizi.