Kabla ya Kupanda Viazi Mviringo Bustanini, Tafuta Pa Kuvihifadhi

Kabla hujaliinua tuta hata moja, amua viazi vitakaa wapi baada ya kuvunwa. Wengi huanza na mbegu, halafu ghala hulikumbuka siku viazi vimeshatandazwa uani na jua linawaka. Panapofaa ni mahali penye giza, pakavu, pa baridi kiasi na panapopitisha hewa, viazi vikae juu ya chaga wala visigusane na sakafu. Katika nyuzijoto 4 hadi 7 za Selsiasi, kiazi kilichokomaa hudumu miezi kadhaa. Chini ya hapo wanga hugeuka sukari, na ukikikaanga hugeuka cheusi upesi. Kama kwako kuna joto, panda kidogo kidogo kwa awamu, uvune kile kitakacholiwa ndani ya wiki chache. Huo ni mpango mzuri kuliko kurundika magunia yatakayochipua.

Giza nalisisitiza kwa sababu ni suala la afya. Mwanga hukigeuza kiazi kijani, na mara nyingi ukijani huo huandamana na ongezeko la solanini, sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha. Kilichokolea kijani au chenye uchungu, kitupe bila huruma.

Mbegu nayo itafutwe mapema, tena iwe iliyothibitishwa. Kiazi cha sokoni kinaweza kuonekana kizima kumbe kimebeba virusi au mnyauko wa bakteria, na mnyauko ukishaingia ardhini hukaa kwa miaka. Chagua zenye ukubwa wa yai la kuku, uzipange kwenye trei penye mwanga hafifu hadi zitoe machipukizi mafupi, manene, ya sentimita moja au mbili. Hapa mwanga unasaidia, maana gizani machipukizi hurefuka yakawa membamba na kukatika wakati wa kupanda. Mimi napendelea kupanda mbegu nzima. Kisu kinachokata kiazi kimoja baada ya kingine husambaza ugonjwa, na kipande kibichi huoza upesi kwenye udongo wenye maji.

Chunguza pia historia ya eneo. Nyanya, bilinganya na pilipili ni ndugu wa kiazi na hushirikiana nacho magonjwa, kwa hiyo palipokaa mojawapo papumzishwe angalau misimu mitatu, na ikiwezekana miaka mitatu. Udongo uwe tifutifu, usiotuamisha maji, wenye pH (kipimo cha uchachu) ya 5 hadi 6.5. Usimwage majivu wala chokaa kwa mazoea, kwani udongo ukipoteza uchachu, ukurutu wa ganda hushamiri. Samadi iwe imeoza vizuri.

Acha sentimita 30 kati ya mche na mche, na 75 kati ya mistari. Nafasi hiyo pana si ya kupoteza: humo ndimo utakamochota udongo wa kuinulia mashina yakifika sentimita 20, ili viazi vinavyokua visichungulie jua. Panga msimu pia. Viazi hutunga vizuri udongo ukiwa na nyuzi 15 hadi 20, lakini ubaridi ukiambatana na majani kukaa mabichi muda mrefu huleta bakajani, ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845. Mwagilia shinani, asubuhi.

Wiki mbili kabla ya kuvuna, kata mashina na usitishe maji ili ganda likaze. Ukilisugua kwa kidole gumba na lisichubuke, chimba siku kavu. Usivioshe viazi. Vitandaze gizani penye hewa kwa siku 10 hadi 14, majeraha yafunge, kisha tenga vilivyokatwa na jembe uvile kwanza. Vitunguu na matunda yanayoiva viwekwe kwingine. Kila wiki pitisha mkono kwenye chaga: kiazi kimoja kilichooza kikiachwa humo, majirani zake hufuata.